Vijana Wetu Wasomeshwe Kuisoma Zilzala

Saa kumi alfajiri, tarehe 26 Desemba 2004, wananchi wengi wa visiwa hivi wakiwa bado usingizini, ardhi ilipasuka chini ya bahari karibu na pwani ya Sumatra, nchini Indonesia. Mtikisiko wake ulikwenda kwa kasi kubwa mno. Katika muda wa dakika 10 hivi ulikuwa umekwisha kulivuka eneo lote la Bahari ya Hindi na kufika Afrika Mashariki, japokuwa hapana mtu wa huku aliyeuhisi. Vyombo peke yake ndivyo vilivyoweza kuutambua. Lakini wimbi la bahari, ambalo ndilo lililoua, lilichukua zaidi ya saa saba kufika kwenye pwani zetu.

Baina ya dakika 10 na saa saba mna nafasi kubwa. Ndani ya nafasi hiyo ndimo ilimokuwamo roho ya mvuvi, ya mwogeleaji na ya mwanamke aliyekuwa akiokota kome ufukweni. Nchini Kenya, habari zilipopatikana kutoka Asia, watu waliondolewa fukweni, na aliyepoteza maisha alikuwa mtu mmoja. Nchini Somalia, ambako hapakuwa na mtu wa kupiga mbiu ya mgambo, walikufa watu wanaokaribia 300. Hapa Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Katika nchi zote zilizokumbwa na maafa hayo idadi ya waliokufa ilizidi 220,000. Bahari ilikuwa ni ile ile, na wimbi ni lile lile. Kilichotofautiana kwa nchi zilizokuwa mbali na Sumatra ni umbali wenyewe, na iwapo alikuwapo mtu mwenye kujua na mwenye uwezo wa kuwaambia wenziwe.

Hatuyakumbushi haya kwa ajili ya kuwatia watu hofu. Tunayakumbusha kwa sababu tunataka kuzungumza juu ya elimu, na juu ya wajibu wa Serikali katika kuitafuta elimu hiyo.

Mwaka ule ule wa 2004 ulianza kazi huko Ulaya mtandao wa kuwafunza wanasayansi vijana taaluma ya kuchunguza mitetemeko ya ardhi kwa njia ya hesabu za kompyuta. Mtandao huo uliitwa SPICE, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya viungo vya chakula. Na sisi wa visiwa vya karafuu hatuwezi kulipita jina hilo bila ya kutabasamu. Hata hivyo, herufi zile ni kifupi cha maneno marefu yanayohusu namna mawimbi ya zilzala yanavyosafiri ndani ya ardhi yenye matabaka yaliyochanganyika, na namna ya kuipatia picha ardhi hiyo. Gharama zilitolewa na Umoja wa Ulaya katika mpango ulioitwa kwa jina la Marie Curie, bibi mzaliwa wa Poland aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili. Uongozi ulikuwa katika Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, chini ya Profesa Heiner Igel, na kazi iliendelea hadi mwaka 2007. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2013 ukafuata mtandao mwingine wa aina hiyo ulioitwa QUEST, nao ukiongozwa kutoka Munich.

Yafaa tueleze kwa ufupi kazi yenyewe ni nini, ili msomaji asidhani kwamba ni ramli. Hapana mwanasayansi wa kweli anayedai kuwa anaweza kutaja siku na saa ya tetemeko litakalokuja. Elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Wanachokifanya wataalamu hawa ni kitu kingine. Huigawa ardhi, ndani ya kompyuta, katika vipande vidogo vidogo, kwa urefu, kwa upana na kwa kina. Kila kipande hupewa sifa za mwamba wake, uzito na ugumu. Kisha kompyuta hutakiwa ihesabu, hatua kwa hatua, jinsi kila kipande kinavyomsukuma jirani yake wakati wimbi linapopita. Hesabu ikitimia, hulinganishwa na yale yaliyoandikwa na vyombo vya kupimia. Yakilingana, wataalamu hujua mwamba ulikatika wapi, kwa urefu gani na kwa nguvu kiasi gani. Yasipolingana, hujua kuwa picha yao ya ardhi ina kasoro, nao hurudi kuitengeneza.

Kazi hiyo si nyepesi. Mtu akitaka kuona mambo madogo kwa nusu ya yale aliyoyaona mwanzo, hana budi kuvipunguza vipande vyake kwa nusu kila upande, na idadi yake huwa mara 8. Wakati huo huo hatua za muda lazima ziongezwe mara mbili. Kwa hiyo kazi yote huwa mara 16. Ndiyo sababu taaluma hii inataka mambo mawili kwa pamoja: kompyuta zenye nguvu, na vijana wenye akili iliyopigwa msasa katika hesabu, ambao watajua namna ya kuipunguza kazi bila ya kuuharibu ukweli.

Haja ya wepesi na usahihi ilidhihirika siku ile ile ya msiba. Kituo cha kutoa tahadhari cha Bahari ya Pasifiki, katika taarifa yake ya kwanza, kilikadiria kuwa tetemeko la Sumatra lilikuwa na ukubwa wa 8.0. Baadaye kikapandisha hadi 8.5. Hesabu kamili zilipokamilika, ilibainika kuwa ukubwa wake ulizidi 9, na kwamba mwamba ulikuwa umepasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Katika vipimo hivi, kila namba moja inayopanda ina maana ya nguvu inayozidi takriban mara 32. Kwa hivyo hiyo haikuwa tofauti ya karani aliyekosea kujumlisha. Ilikuwa tofauti ya msiba wa mkoa mmoja na msiba wa bahari nzima.

Sasa tuangalie mtandao ule ulikuwa na mafunzo gani kwetu.

Funzo la kwanza ni kwamba hakuna nchi iliyoona haya kuomba msaada wa jirani. Vijana walitakiwa watoke kwao na kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine. Vyuo vilivyoshirikiana vilianzia Dublin, Ireland, hadi Bratislava, Slovakia. Ireland ni kisiwa ambacho ardhi yake haitikisiki ila kwa nadra sana. Ingekuwa nchi husomesha wataalamu wa zilzala pale tu paa linapoanguka, basi Dublin isingekuwamo kabisa. Lakini wenzetu wa Ireland wameelewa kwamba elimu ya mawimbi yanayopita ardhini ni ya watu wote, na kwamba mtaalamu aliyezoea kazi hawezi kununuliwa sokoni siku ya maafa.

Funzo la pili ni juu ya uaminifu wa kazi. Miongoni mwa shughuli za mtandao ilikuwamo ile ya kuzipima programu za kompyuta zenyewe. Wataalamu mbalimbali walipewa mtihani mmoja, kila mmoja akaufanya kwa njia yake, kisha majibu yakawekwa pamoja na kulinganishwa. Hapakuwa na mkubwa aliyesema kwamba jibu lake lisihojiwe kwa sababu ya cheo chake. Tunaomba mtindo huo uigwe hata katika ofisi zisizohusika na zilzala.

Funzo la tatu ni kwamba elimu ile haikufungiwa kabatini. Kutoka Munich hiyo hiyo imetoka programu inayoitwa ObsPy, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuitumia bila ya malipo katika kusoma kumbukumbu za mitetemeko. Profesa Igel ametunga kitabu cha kufundishia taaluma hii, na masomo yake yamewekwa katika intaneti ili yafuatwe na wanafunzi wa nchi zote. Kijana wa Wete au wa Makunduchi mwenye kompyuta ya kawaida na hesabu nzuri anaweza kuanza leo. Udhuru wa kwamba mlango umefungwa umekwisha kuondoka.

Pengine atatokea mtu wa kusema kuwa mambo haya ni ya Wazungu, na sisi tuna yetu. Tunamjibu kwamba amekosea. Neno zilzala limo katika Kurani, na kila mtoto aliyepita chuoni hapa visiwani ameihifadhi sura yenye jina hilo kabla hajajua kuandika barua. Mwanachuoni mkubwa wa Misri, Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alitunga kitabu mahususi juu ya zilzala, akaorodhesha mitetemeko iliyotokea katika nchi za Kiislamu kwa mwaka na mahali. Orodha yake imetumiwa na wataalamu wa karne yetu katika kuichunguza historia ya mitetemeko. Jina la al-Khwarizmi, bingwa wa hesabu wa Baghdad, ndilo lililozaa neno ambalo wataalamu wa kompyuta wa dunia nzima hulitumia kwa hatua za kukokotoa. Na mwaka 1964 Profesa Abdus Salam wa Pakistan alianzisha huko Trieste, Italia, kituo cha fizikia kwa ajili ya kuwapokea wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Kwa hiyo anayeitafuta elimu hii haendi kuomba katika nyumba ya mgeni. Anadai haki yake katika urithi wa pamoja.

Swali linalobaki ni hili: je, sisi wa visiwa hivi zilzala inatuhusu?

Inatuhusu sana. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilikumbwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa barani Afrika. Tarehe 10 Septemba 2016 ndugu zetu wa Kagera walipoteza watu wao na nyumba zao. Na yule anayedhani kwamba mambo hayo ni ya bara tu, akumbuke usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, muda wa saa mbili, pale tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilipotokea chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Lilihisiwa Dar es Salaam, na lilihisiwa hapa Unguja. Watu walitoka majumbani mbio. Safari ile tulinusurika. Kunusurika si mpango.

Aidha, mwaka 2020 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika ghuba ya Pangani. Ndani ya matabaka ya mchanga walikuta mabaki ya watu waliokufa kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, nao wakaonyesha kuwa waliuliwa na wimbi kubwa lililotoka baharini. Pangani si mbali na Pemba. Bahari iliyofanya hivyo haijahama.

Tuje kwa majirani zetu wa visiwa vya Ngazija, ambao wengi wetu tuna udugu nao wa damu. Aprili 1977 mlima Karthala ulitoa moto na kijiji cha Singani kikateketea. Mwezi wa Mei 2018 wakaazi wa kisiwa cha Maore walianza kutikisika, mchana na usiku, kwa miezi mingi. Mwanzoni vyombo vya kupimia kisiwani vilikuwa haba, na watu walikuwa hawajui wanatikiswa na nini. Tarehe 11 Novemba mwaka huo ukatoka mvumo wa ajabu wa chini kwa chini, ambao ulinaswa na vyombo vya kupimia duniani kote. Mei 2019 meli ya uchunguzi ikagundua kwamba, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya kisiwa, umezaliwa mlima mpya wa volkano chini ya bahari, wenye urefu wa mita zipatazo 800. Kisiwa chenyewe kilikuwa kimesogea na kuzama kwa zaidi ya sentimita 10. Mwaka mzima wananchi wale walikaa wakingoja kuambiwa sababu, na sababu ililetwa na wataalamu kutoka ng'ambo. Tunauliza: je, nasi tungependa kungoja hivyo?

Tutaambiwa kwamba tangu msiba wa 2004 umewekwa utaratibu wa tahadhari wa Bahari ya Hindi chini ya UNESCO, na kwamba vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa taarifa ambazo hufika kwenye Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa. Ni kweli, na tunaushukuru. Lakini taarifa ya kutoka ng'ambo hutuambia kwamba wimbi linakuja. Kujua maji yatapanda hadi wapi Chwaka, yatafanya nini Mkoani, na yatapita vipi miamba ya Matemwe, kunahitaji hesabu za karibu zinazokifahamu kina cha bahari yetu na umbo la fukwe zetu. Unguja imetengwa na bara kwa mkondo wa maji machache, na Pemba imetengwa kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Wimbi moja litafanya mambo mawili tofauti katika visiwa viwili. Zaidi ya hayo, iwapo ardhi itapasuka karibu na sisi, hatutakuwa na saa saba. Tutakuwa na dakika. Hesabu zisizofanywa mapema hazitafanywa siku hiyo.

Hatuyafumbii macho mahitaji mengine. Tunajua kwamba zipo skuli zisizo na madawati ya kutosha, na vipo vijiji ambavyo kina mama huamkia foleni ya maji. Ofisa wa Hazina anayo haki ya kuuliza ni kwa nini fedha zitolewe kwa elimu ya kitu ambacho huenda kisitokee katika uhai wake. Jibu letu ni kwamba elimu hii haina kazi moja. Hesabu hizo hizo za mawimbi ndizo zinazotumika kutafuta mafuta na gesi chini ya bahari. Mwaka 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini mkataba wa mgawanyo wa mapato na kampuni ya RAK Gas kwa ajili ya kitalu cha Pemba na Zanzibar. Utafiti wa mitetemo katika kitalu kama hicho hutoa takwimu nyingi mno. Mwenye kuzisoma ndiye ajuaye thamani ya kilichomo chini. Asiyeweza kuzisoma hukaa mezani akisomewa na mwenziwe, kama mtu asiyejua kusoma anayepelekewa barua ya mirathi yake. Hatumtuhumu mtu yeyote. Tunasema tu kwamba mwenye mali hana budi kuwa na macho yake mwenyewe.

Vile vile, kijana aliyejifunza kuigawa ardhi katika vipande na kuihesabu ndani ya kompyuta anaweza kwa mafunzo machache kuihesabu hali ya hewa, mikondo ya bahari na mmomonyoko wa fukwe. Tunapozungumza kila siku juu ya uchumi wa buluu, hao ndio wafanyakazi wake.

Liko tatizo moja ambalo lazima tuliseme waziwazi, kwa sababu kulinyamazia ni kuwadanganya wananchi. Mara kadha nchi imetumia fedha kumsomesha kijana ng'ambo, naye akarudi na shahada yake, akakabidhiwa meza isiyohusiana kabisa na alichokisomea. Baada ya miaka michache ama husahau, ama huondoka. Kisha tunakaa barazani tukilalamika kwamba vijana hawana uzalendo. Uzalendo haumei juu ya meza tupu. Mtandao wa Ulaya ulifanikiwa kwa sababu kijana hakuachwa peke yake. Alikuwa na mwalimu, alikuwa na wenzake wa rika lake katika nchi nyingine, na alikuwa na kazi iliyokuwa ikimngoja.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, Serikali itenge kila mwaka nafasi chache za masomo, hata zikiwa mbili au tatu, kwa vijana wa Unguja na Pemba waliofaulu vizuri hesabu na fizikia, wasichana kwa wavulana, wakasomee taaluma hii. Mitandao ya Ulaya ya aina hiyo, ambayo tangu mwaka 2021 huitwa Mitandao ya Udaktari, hupokea maombi ya vijana wa taifa lolote. Ofisi inayohusika iwe na mtu wa kuzifuatilia nafasi hizo na kuwasaidia waombaji, wala tangazo lisibandikwe ukutani siku ambayo muda wake umekwisha.

Pili, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililoko hapa Unguja, vishirikiane kuwa na darasa dogo la hesabu za mawimbi, ambamo vijana hao watarudi kufundisha na kufanya kazi.

Tatu, kila anayesomeshwa awe na cheo na kazi iliyoandikwa kabla hajapanda ndege.

Nne, mataifa ya upande huu wa bahari yaunde mtandao wao. Moroni, Mombasa, Dar es Salaam, Maputo, Antananarivo na Zanzibar zinatazamana kwenye maji yale yale. Wazee wetu walikwenda na kurudi huko kwa majahazi, wakifuata kaskazi na kusi, bila ya kungoja kikao cha wafadhili. Mpango wa AfricaArray, ulioanzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa taasisi za Afrika Kusini na Marekani, umeonyesha kwamba vyombo vya kupimia na mafunzo ya vijana vinaweza kwenda pamoja barani Afrika. Kwa hiyo jambo hili si ndoto. Linahitaji uamuzi, na mtu wa kulisimamia.

Tunawaomba pia wazazi na walimu wafanye sehemu yao. Mtoto anayependa hesabu asivunjwe moyo kwa kuambiwa kwamba hesabu hazina kazi visiwani. Kazi ipo, tena ya kuokoa roho za watu.

Dakika 10 kwa saa saba: huo ndio muda ambao bahari ilitupa mwaka 2004, na wengi hawakuweza kuutumia. Hatujui safari nyingine itatupa muda gani. Tunachokijua ni kwamba mtaalamu hapatikani kwa dakika 10 wala kwa saa saba. Humalizwa kwa miaka minane au kumi, kuanzia darasa la skuli hadi shahada ya mwisho. Hesabu hiyo ni rahisi, na kila kiongozi anaweza kuifanya bila ya kompyuta. Ikiwa tunawataka wataalamu hao katika muda wa miaka 10 ijayo, basi majina yao yanatakiwa yaandikwe mwaka huu.